Ukurasa wa Sitini na Moja

Jumatano moja, kipindi cha pili baada ya chai, Wachuka alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka katika kinywa cha mtoto ambaye hakuwa amemfundisha hata mwezi.

Ilikuwa wiki yake ya tatu ya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kutwa nje kidogo ya mji wa Kutus, Kirinyaga. Alikuwa amewauliza kidato cha tatu wamweleze mhusika mkuu wa hadithi waliyokuwa wakiisoma, na vichwa vikainama kama kawaida, kila mtu akiichunguza kalamu yake. Kisha msichana aitwaye Tabby, aliyekaa kando ya dirisha, akainua mkono.

"Madam, ukitaka kumjua mhusika usimuulize amesema nini. Muulize amenyamaza wapi."

Darasa likacheka kidogo. Wachuka hakucheka. Sentensi ile hakuisoma popote. Aliitunga yeye, akiwa na miaka kumi na saba, Jumapili moja alasiri, amekaa kwenye kitanda cha juu bwenini na daftari la jalada la kijani magotini. Akamuuliza Tabby jibu hilo amelitoa wapi.

"Iko kwa Kingori, Madam. Kila mtu ako nayo."

Kingori kilikuwa kijitabu chembamba cha jalada la njano. Jina lake la kweli lilikuwa *Madondoo Kamili ya Mtahiniwa*, na chini yake yameorodheshwa masomo ya fasihi, historia, fedha na masuala ya jamii, lakini wanafunzi walikiita kwa jina la aliyekiandika. Jina hilo lilikuwa pale mbele kwa herufi kubwa: Mwalimu J. M. Kingori, mwalimu wake Wachuka wa zamani. Wachuka akaomba aazimwe hadi saa ya chakula.

Alikisoma ofisini akiwa amesimama kando ya kabati la faili. Hakuhitaji kusoma sana. Sehemu ya fedha ilieleza riba kwa mfano wa mtu anayeazima kuku kwa jirani akamrudisha pamoja na mayai, mfano alioutoa nyumbani kwao. Sehemu ya masuala ya jamii iliwataja vijana wanaoshinda nyuma ya duka la nyama wakinywa pombe haramu, na Wachuka aliwajua vijana hao kwa majina. Katika historia, sababu za serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari zilihesabiwa moja, mbili, tatu, nne, sita. Ya tano haikuwapo. Siku alipokuwa akiziandika, kengele ya chakula ililia, akakimbilia foleni, na aliporudi akaruka nambari. Mwalimu Kingori alikuwa amepiga chapa hata njaa yake ya siku ile.

Mpaka hapo alikuwa amekasirika tu. Halafu akafungua ukurasa wa sitini na moja.

Palikuwa na kisanduku cha mistari minene na juu yake maneno "Kisa cha Kweli". Kilianza hivi: *Nyaguthii, mkazi wa Othaya, alimsimulia mwandishi wa kitabu hiki jinsi alivyomtia kaka yake Muchiri mikononi mwa askari mwaka wa 1954, akiwa msichana wa miaka kumi na miwili.* Wachuka akakifunga kijitabu, akakifungua tena, kana kwamba pengine mara ya pili maneno yangekuwa mengine.

Nyaguthii alikuwa nyanya yake.

Mama yake Wachuka, Monicah, aliuza mitumba Karatina na hakuwa na nafasi ya kulea, kwa hiyo Wachuka alikulia mikononi mwa nyanya huyo, aliyemwita Cucu, katika mwinuko mmoja wa Othaya ambako chai iko juu na kahawa iko chini. Cucu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipoulizwa habari za zamani alijibu kwamba zamani kulikuwa na baridi, basi. Lakini likizo moja ya Agosti, Wachuka akiwa kidato cha nne, walikuwa wawili tu shambani wakipalilia kahawa, na Wachuka akataja kwamba shuleni wamefika kwenye vijiji vya hali ya hatari. Cucu akapalilia miti miwili mizima. Kisha, bila kuinua uso, akaanza.

Alisema walikuwa wamefungiwa ndani ya kijiji kilichozungukwa na handaki na miti iliyochongwa ncha. Kaka yake Muchiri alikuwa msituni na wapiganaji wa uhuru. Yeye, kwa kuwa alikuwa mtoto na askari walimruhusu kwenda kuokota kuni, alikuwa akimwachia chakula chini ya gogo lililoanguka mpakani mwa msitu. Siku moja askari akakuta viazi vitamu ndani ya mzigo wake. Hakumpiga. Alimpeleka hadi ukingoni mwa handaki, akamwonyesha mama yake aliyekuwa ndani akichimba, akamwambia achague. Naye akanyoosha kidole upande wa gogo. Muchiri alikamatwa kesho yake, akapandishwa lori, na hakuonekana tena. Alimwacha mtoto wa kiume ambaye hakuwa amejifunza kukaa.

Kijiji kikatafuta aliyesema. Shamba lililopakana na gogo lile lilikuwa la mtu aitwaye Wamae, na watu wakaamua ni yeye. Nyaguthii akanyamaza kwa sababu alikuwa mtoto na aliogopa. Baadaye akanyamaza kwa sababu alikuwa amenyamaza jana. Siku zikazaa miezi, miezi ikazaa miaka, akaolewa palepale mwinukoni, akazaa, akazeeka, na ukoo wa Wamae ukaendelea kubeba mzigo ambao haukuwa wao.

"Hata babu yako alikufa bila kujua," Cucu alimwambia. "Nimekwambia wewe."

Wachuka alirudi shuleni na jambo hilo likamjaa kifuani. Hakuwa na mtu wa kumwambia, wala hakutaka kumwambia mtu. Akaliandika. Aliliandika katika daftari la historia, baada ya zile sababu, na majina yote, kwa kuwa ndivyo alivyojua kuyaelewa mambo. Hakumwomba Cucu ruhusa. Daftari lilikuwa lake, na hakuna aliyelisoma.

Mtihani ulipokwisha, Mwalimu Kingori alimwita. Huyo ndiye aliyekuwa akizisoma insha za Wachuka mbele ya darasa zima. Ndiye aliyemwita "mwandishi wangu", na ndiye aliyemwandikia barua ya kumsifu alipoomba nafasi chuo kikuu. Kama Wachuka alichagua ualimu, ni kwa kumtazama yeye akiingia darasani bila kitabu, mikono nyuma, na watoto wananyamaza bila kuambiwa. Siku hiyo alimwomba yale madaftari manne, apate kuwaonyesha wanaokuja nyuma jinsi madondoo yanavyoandikwa. Wachuka akampa kwa furaha. Alipofika getini na sanduku lake aliukumbuka ule ukurasa wa Cucu, akasimama. Kisha akajiambia Mwalimu ni mtu mzima, atauona, ataelewa, ataupita. Akaenda zake.

Hilo ndilo lililomchoma sasa, pale kando ya kabati la faili. Alikumbuka, na hakurudi.

Jumamosi alienda Nyeri. Mwalimu Kingori alikuwa akiishi mtaa wa Skuta, katika nyumba ya mawe yenye maua ya waridi mbele, na alipomwona mlangoni alifurahi waziwazi. Akamwita mwandishi wake. Akamkaribisha chai na maandazi, akamuuliza mazoezi yanaendeleaje na kama watoto wa Kirinyaga wanasoma. Wachuka alikuwa amejiandaa kwa mtu ambaye angeficha. Kumbe kijitabu kilikuwa pale juu ya meza, nakala tatu, zimepangwa kama sahani za wageni.

Wachuka akakigusa. "Mwalimu, hiki ni changu."

"Ni chetu," Kingori akasema kwa upole. "Wewe uliandika nilichofundisha. Mimi nikakusanya, nikapanga, nikahangaika na wapiga chapa miaka miwili. Wewe ungekifanya nini? Madaftari yangekuwa yanaliwa na mchwa."

Akaendelea kueleza, kwa sauti ileile ya darasani. Alisema shule kutoka Kerugoya mpaka Naro Moru zinakitumia. Alisema amepokea simu za walimu asiowajua wakimshukuru. Alisema maarifa hayana mwenyewe, na kwamba kama yeye angedai kila alichomfundisha mtu, basi nusu ya walimu wa Nyeri wangekuwa wadeni wake. Wachuka alisikiliza yote, na jambo la kutisha ni kwamba sehemu ya moyo wake ilikuwa bado inakubali, kama ilivyozoea. Alikuwa amefundishwa kufikiri na mtu huyu.

Akafungua ukurasa wa sitini na moja, akauweka mbele yake.

"Na huyu? Huyu pia ulimfundisha darasani?"

Kingori akavaa miwani, ingawa alijua vizuri kilichoandikwa. Akasema kisa hicho ndicho kinachosifiwa kuliko vyote. Kinawaamsha watoto. Kabla ya hapo historia ilikuwa ni tarehe tu.

"Umeandika kwamba alikusimulia wewe."

"Ni mtindo wa uandishi, Wachuka. Unaelewa mambo hayo."

"Majina ungeyabadilisha."

"Majina ndiyo yanayokifanya kiwe cha kweli." Akavua miwani. Kwa mara ya kwanza alionekana kutokuwa na uhakika. "Huyo bibi, nilidhani alishakufa."

Wachuka akamwambia kwamba yuko hai, ana miaka themanini na mitatu, na Jumapili bado anatembea kwenda kanisani. Kingori akaangalia dirishani. Akasema kwamba katika chapa ya pili atamwekea Wachuka jina lake ndani, kwenye ukurasa wa shukrani. Aliyasema hayo kama mtu anayetoa zawadi kubwa, na hapo ndipo Wachuka alipoelewa kwamba mwalimu wake hangeelewa kamwe. Hakuwa mwizi aliyejua kwamba ameiba. Kwake yeye, Wachuka alikuwa daftari.

Aliomba arudishiwe madaftari. Kingori akaleta matatu. La historia, akasema, lilibaki kwa mpiga chapa mjini, na hana hakika kama bado lipo. Katika lile la kijani, pembeni mwa maandishi ya Wachuka, kulikuwa na wino mwekundu: *anza hapa*, *kata hii*, *nzuri sana, iache*. Ilikuwa alama ileile nyekundu aliyokuwa akiingoja kwa hamu kila Ijumaa alipokuwa msichana.

Hakumaliza chai. Alitoka na yale matatu kwapani.

Alikusudia kumwahi Cucu kabla habari hazijamfika. Kesho yake, Jumapili, alifika Othaya watu wakitoka kanisani, na akapanda kilima akipanga maneno. Angeanza na Mwalimu. Angeeleza habari za daftari kwanza, kisha kijitabu, kisha ukurasa. Alimkuta Cucu amekaa kwenye kigoda nje ya jikoni, akichambua maharagwe kwenye ungo. Hakuwa amevaa nguo za kanisani.

Wachuka akamwamkia. Cucu akaitikia, akamwonyesha kigoda kingine. Kisha akasema akiendelea kuchambua.

"Kinyua alikuja hapa juzi."

Kinyua alikuwa mwana wa Wamae. Alikuwa mzee sasa mwenyewe, mtu mpole aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake njia ya chini, mbali na maboma ya watu, kwa mazoea ya tangu utotoni. Mjukuu wake alikuwa kidato cha nne. Alikuwa amekisoma kisa kile kwa sauti nyumbani, mezani, kwa sababu kilitaja Othaya.

Cucu alieleza yote bila kupandisha sauti. Kinyua alikuja na kijitabu ndani ya mfuko wa plastiki, kama mtu anayeleta nyama. Hakuingia ndani. Alimuuliza kama ni kweli, naye Nyaguthii akasema ni kweli. Yule mzee akavua kofia pale uani. Kisha akasema neno moja tu, kwamba baba yake alizikwa na watu sita. Akaondoka.

"Watu sita," Cucu akarudia. "Mimi sikuwa mmoja wao. Nilikuwa shambani siku hiyo. Niliwaona wakimbeba."

Wachuka akapiga magoti mbele ya ungo. Maneno aliyoyapanga kilimani yakamtoka ovyo. Alisema ni Mwalimu, kwamba alimwamini, kwamba hakujua, kwamba alitoa madaftari kwa ajili ya wanafunzi tu, kwamba Mwalimu aliiba. Cucu akamwacha amalize.

"Huyo mwalimu simjui," akasema. "Yeye hakupalilia kahawa na mimi. Siku Kinyua aliponisomea, pameandikwa nilimwambia mwanamume fulani. Nikajiuliza, nimewahi kumwambia nani? Sikuhitaji kuhesabu vidole viwili."

"Cucu, nisamehe."

"Nilikwambia wewe, Wachuka. Sikuliambia daftari."

Wachuka alimshika miguu, na Cucu hakuiondoa, lakini pia hakuweka mkono wake kichwani mwa mjukuu wake kama alivyozoea. Maharagwe yaliyooza aliendelea kuyatupa upande wa kuku.

Wiki mbili zilipita. Kingori alipiga simu mara moja. Alisema ameamua kukiondoa kisa katika chapa mpya na kuweka maswali ya marudio mahali pake, na akataka Wachuka amwambie nyanya yake hivyo, apate amani. Wachuka akamuuliza zile nakala zilizokwisha kusambaa atazikusanya vipi. Kingori akasema watoto husahau haraka. Akaongeza kwamba amesikitika kuona mwanafunzi wake bora anamchukulia kama adui. Wachuka alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu mzima maishani mwake. Darasani kwake Kutus, Tabby na wenzake waliendelea kunukuu Kingori, naye akawa anawapa alama, kwa kuwa majibu yalikuwa sahihi.

Monicah alimpigia bintiye akimwambia Cucu anataka kupelekwa mahali, na ametaka ampeleke Wachuka, si mtu mwingine. Wachuka aliposikia hivyo alipata tumaini. Aliona kama mlango umefunguliwa kidogo.

Mahali penyewe palikuwa kwa Dedan, mwana wa Muchiri, yule mtoto ambaye hakuwa amejifunza kukaa baba yake alipopandishwa lori. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini, alikuwa amefiwa na mkewe, na aliishi mwinuko wa pili, ng'ambo ya mto. Maisha yake yote Nyaguthii alikuwa shangazi yake mpendwa. Ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yake Dedan alipokuwa kwenye kazi za kulazimishwa. Ndiye aliyemchagulia mke.

Cucu alivaa nguo zake za kanisani na kitambaa cheupe. Njiani hakusema kitu isipokuwa kuuliza kama mto umejaa. Wachuka alimshika kiwiko kwenye daraja la mbao, naye akakubali kushikwa. Wachuka alikuwa ameshaanza kufikiri jinsi atakavyokaa kando yake ndani, jinsi atakavyosema kwamba kosa ni lake pia, jinsi atakavyoubeba upande mmoja wa mzigo.

Dedan alikuwa ameketi barazani. Hakuinuka. Mezani mbele yake kulikuwa na kile kijitabu cha njano, hakuna aliyehitaji kuuliza kilifikaje. Cucu akasimama kwenye geti la mbao, akashusha pumzi, akamgeukia mjukuu wake.

"Wewe baki hapa."

"Cucu, niache niingie. Nataka kumwambia kwamba…"

"Una nini cha kumwambia? Hukuwepo." Hakusema kwa ukali. "Aliyenifikisha kwenye siku hii ndiye niliyetaka anifikishe hapa. Umenifikisha. Sasa baki."

Akapita getini, akaenda polepole uani, fimbo ikigonga ardhi ngumu. Dedan akamtazama akija. Mwishowe akainuka, akafungua mlango, wakaingia wote wawili, na mlango ukafungwa.

Wachuka alikaa kwenye jiwe nje ya geti. Alisikia sauti, hakusikia maneno. Mara moja sauti ya mwanamume ilipanda juu sana, kisha ikakatika kama kamba. Baadaye akasikia kitu alichodhani ni kilio, lakini hakuweza kujua ni cha nani kati ya wale wawili. Jirani mmoja akapita na mzigo wa majani ya ng'ombe, akamsalimia, akamuuliza kama anangoja mtu. Akasema ndiyo.

Ilipita saa moja na zaidi. Mlango ulipofunguliwa, Cucu alitoka peke yake. Dedan alibaki kizingitini. Kwa desturi yao mgeni, na zaidi shangazi, husindikizwa mpaka njiani. Yeye hakumsindikiza, lakini pia hakuufunga mlango. Alisimama pale akimtazama mpaka akafika getini. Kitambaa cheupe cha Cucu hakikuwa kichwani tena, alikuwa amekikunja mkononi, kimelowa.

Wachuka akainuka. "Cucu, amesema nini?"

Nyaguthii akamwangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, na uso wake ulikuwa umechoka kuliko Wachuka alivyowahi kuuona. Lakini alisimama wima.

"Hayo nitakufa nayo," akasema. "Twende. Bado nataka kupita kwa Kinyua, na huko pia utaningoja nje."

Akatangulia kushuka njia ya mto. Wachuka akamfuata nyuma, hatua chache, kwa kuwa hakuambiwa aje karibu.